Sabuni Yako Ina Pete Katikati? Hivi Ndivyo Inavyoshika Jeli Sawasawa Kwenye Kalibu za Silikoni

Ukitengeneza sabuni nyumbani, huenda hii umeshaiona. Unakitoa kipande kwenye kalibu ya silikoni, zile moldi laini za kukunjika, na unakuta kina pete. Katikati rangi imekolea na inang'aa kidogo, pembeni imepauka kama chaki. Kinasafisha vizuri, kinanukia vizuri, lakini mteja akikigeuza mkononi anauliza, "Na hii imeharibika?" Akishauliza hivyo, bei imeshaanza kushuka.

Kwa kawaida hapa tunaongea kuhusu till, miamala na jinsi ya kulinda PIN yako. Leo tunaingia jikoni, kwa sababu pete hiyo ni suala la pesa pia. Tuseme umepata oda ya vipande 60 vya kuwekwa kwenye vyumba vya wageni, kila kimoja shilingi 150. Jumla ni 9,000, na mteja ametuma dipoziti ya 4,500 kwenye till yako. Siku ya kupeleka mzigo, vipande 20 vina pete na mwenye oda anavikataa. Hivyo 20 ni shilingi 3,000. Salio ulilokuwa unasubiri limeshuka kutoka 4,500 hadi 1,500, na mafuta, kostiki na manukato yote umeshalipia.

Tunazungumzia sabuni isiyopikwa, ile ya kuchanganya mafuta na maji ya kostiki soda, kumimina na kuiacha ijifanyie kazi. Kama unatumia zile za kuyeyusha na kumimina, shida hii huna.

Pete inatoka wapi

Kostiki ikikutana na mafuta inatoa joto. Uji wa sabuni ukishamiminwa unaendelea kupata moto wenyewe, hata bila jiko. Joto likifika kiwango fulani, kwa kawaida kati ya nyuzi 60 na 80 za Selsiasi kutegemea maji na mafuta uliyotumia, sabuni inabadilika: inalainika, inakuwa nzito na inaonekana kama mafuta ya kujipaka ya kwenye mkebe, unaweza karibu kuona ndani yake. Hiyo ndiyo hatua ya jeli. Ikipoa inakuwa ngumu, yenye rangi iliyokolea.

Jeli huanza katikati, ambako joto limejificha, kisha inatambaa kwenda pembeni. Pembeni kukiwa baridi inasimama njiani. Sehemu iliyofikiwa ina sura moja, isiyofikiwa ina sura nyingine, na mpaka kati yao ndio pete.

Sasa mbona silikoni hasa? Ukimimina kilo kadhaa kwenye kasha refu la mbao, sabuni ni nyingi mahali pamoja na mbao zinazuia joto kutoka. Kalibu za silikoni zenye vishimo sita au nane ni kinyume chake: kila kishimo kina gramu 100 hivi, ukuta ni mwembamba, na upepo unapita kila upande. Joto linatoroka kabla jeli haijafika mwisho. Tena vishimo vya kona hupoa haraka kuliko vya katikati, ndiyo maana kalibu moja inaweza kukupa vipande viwili vizuri, viwili vyenye pete na viwili visivyo na jeli kabisa.

Halafu kuna hali ya hewa yetu. Anayetengeneza Mombasa na anayetengeneza Limuru mwezi wa Julai hawafanyi kazi moja, hata wakitumia vipimo vilevile. Mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hivyo Pwani yanakaa maji mwaka mzima na Limuru unayachota na kijiko. Ukiona mafuta yako yameganda kwenye chupa, jua kwamba hata sabuni yako usiku huo itapigwa na baridi.

Amua kabla ya kuwasha chochote

Sabuni yenye jeli na isiyo na jeli zote ni sabuni nzuri. Zote zinasafisha, na zote zinahitaji wiki nne hadi sita za kukomaa. Tofauti ni sura na uharaka: ya jeli ina rangi iliyokolea na inatoka kwenye kalibu mapema, isiyo na jeli ina rangi iliyofifia, laini kwa macho, na inachelewa kukaza. Kinachokuponza ni kukaa katikati, yaani kumimina na kutumaini. Chagua upande mmja kwa oda nzima, ukae huko.

Kwa mtu anayetumia silikoni na anataka mzigo utoke haraka, sisi tungechagua jeli. Silikoni haipitishi hewa, kwa hivyo sabuni isiyo na jeli hubaki na unyevu na kunata, na ukiivuta kabla haijawa tayari kona zinabaki ndani.

Vipimo, na onyo moja kuhusu sufuria

Tuchukue mfano mmoja ili tuongee lugha moja. Mafuta kilo moja: gramu 500 za mafuta ya mawese, gramu 300 za nazi, gramu 200 za alizeti. Kwa mchanganyiko huo kostiki soda ni gramu 144, ikiacha karibu asilimia 5 ya mafuta bila kugeuzwa sabuni ili isikaushe ngozi. Maji gramu 288, yaani mara mbili ya kostiki. Utapata uji wa kilo 1.4 hivi, sawa na vipande 14 vya gramu 100. Ukibadilisha mafuta hata aina moja, kostiki lazima ihesabiwe upya, maana kila mafuta yana kiwango chake. Pima kwa mizani ya gramu, hata hayo maji. Kikombe hakitoshi.

Kostiki ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kidogo kidogo. Kamwe usimwage maji juu ya kostiki, yatakurukia. Vaa glavu na miwani, fungua madirisha, watoto wawe nje. Na hapa watu wengi huumizwa na vyombo vyao: sufuria zetu nyingi ni za alumini, na kostiki inakula alumini huku ikitoa gesi inayoshika moto. Tumia chuma cha pua au plastiki ngumu inayostahimili joto.

Maji yana siri yake kwenye jeli. Sabuni yenye maji mengi kidogo huingia jeli kwenye joto la chini, yenye maji machache inahitaji joto kali zaidi. Kwa hivyo kama unataka jeli kwenye vishimo vidogo, usipunguze maji. Mara mbili ya kostiki ni sawa, na kwenye baridi unaweza kwenda hadi mara mbili na robo, yaani gramu 324 kwa mfano wetu. Wengi hupunguza maji ili sabuni ikauke haraka, halafu wanashangaa jeli imekataa.

Kufikisha jeli hadi pembeni

Changanya mafuta na maji ya kostiki vyote vikiwa nyuzi 40 hadi 50. Sehemu za baridi kaa karibu na 50, Pwani 40 inatosha. Koroga hadi uji uanze kushika, ukiinua mwiko alama inabaki juu kidogo. Usiache uji ukae kwenye ndoo ukipoa huku unatafuta kalibu. Zipange kwanza.

Kalibu zenyewe usizitoe kwenye sakafu ya simiti na kuzimiminia. Zipashe: ziweke juani, au kwenye boksi lenye chupa ya maji moto kwa dakika 20. Halafu ziweke juu ya ubao ulio sawa. Silikoni inayumba, na ukiibeba ikiwa imejaa bila ubao utamwaga nusu ya faida, na nusu nyingine itakaa upande.

Kilicho muhimu zaidi ni kuzifungia joto kalibu zote pamoja. Kalibu moja peke yake chini ya blanketi haina joto la kutosha kujitegemea. Tatu zilizobanana zinapashana. Na chombo kizuri cha kazi hii pengine unacho nyumbani. Kile kikapu cha kupikia bila moto, kinachomalizia githeri asubuhi nzima bila makaa, kinafanya kazi kwa kanuni ileile. Kisanduku cha kubebea barafu na soda pia ni kizuri, maana kinachozuia joto kuingia kinazuia joto kutoka. Kama huna, chukua katoni kubwa, tandika blanketi au magazeti mengi chini na pande zote.

Weka chupa mbili za maji moto ndani kwanza, funga, subiri robo saa. Kisha ingiza kalibu zikiwa juu ya ubao, funika juu kwa plastiki nyembamba bila kugusa sabuni, funga kisanduku na umalizie kwa blanketi au leso kadhaa. Chupa za maji moto zibaki pembeni, upande wa zile kona zinazopoa mapema. Hiyo plastiki ya juu ina faida ya pili: inapunguza lile vumbi jeupe linaloota juu ya sabuni ikikutana na hewa.

Wenye oveni wanaweza kuipasha hadi nyuzi 70 hivi, wakaizima, kisha wakaingiza kalibu na kufunga mlango. Izime kabisa. Silikoni kwenye joto lililozidi huacha vipele na matundu madogo upande wa sabuni uliogusana nayo, na sura hiyo mteja haipendi kuliko hata pete. Hakikisha pia oveni haiwashwi na mtu anayetaka kuoka keki.

Sasa acha. Kila ukifunua unatoa joto. Angalia mara moja baada ya saa moja na nusu hivi, funua kona ndogo na umulike kwa tochi ya simu. Ukiona katikati pameiva rangi na pembeni bado, badilisha maji ya chupa yawe moto tena na ufunge. Ukiona kipande chote kina sura moja, hadi kwenye ncha za kona, jeli imefika. Funika tena, iache ipoe yenyewe polepole hadi kesho yake.

Kutoa ni baada ya saa 24 hadi 48. Bonyeza kwa kidole chenye glavu: ikiacha shimo, ngoja. Vuta kingo za kalibu kwanza ili hewa iingie, kisha sukuma kutoka chini. Kama bado inang'ang'ania, safari ijayo yeyusha kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila gramu 500 za mafuta kwenye yale maji, kabla ya kutia kostiki. Inasaidia sabuni kukaza mapema.

Joto likizidi

Kuna vitu vinavyowasha sabuni kuliko ulivyopanga. Asali, sukari na maziwa vyote huongeza joto. Mafuta ya karafuu nayo yana tabia ya kuharakisha uji ushike, unaweza kukuta umegandia kwenye ndoo kabla hujafika kalibu ya pili. Ukitumia mojawapo ya hivi, anza na nyuzi 35 hadi 40, usiweke chupa za maji moto, na blanketi liwe moja tu.

Dalili za kuzidi ziko wazi: sabuni inapasuka juu, inavimba kama mkate, au mafuta yanachuruzika. Funua mara moja, itoe kwenye kisanduku, iweke mahali pa upepo. Ikipona, mpasuko ni wa sura tu. Lakini ukikata kipande na kukuta majimaji yamejificha ndani, au chembe nyeupe ngumu, hiyo usiuze na usimpe mtu hata bure. Inaweza kuwa kostiki ambayo haikuungana na mafuta, na inaunguza. Pete ni suala la sura, hiyo ni suala la ngozi ya mtu.

Ukitaka isiingie jeli kabisa

Sabuni ya maziwa ya mbuzi, kwa mfano, hubaki na rangi ya krimu ikikosa jeli, na ikipata jeli inageuka kahawia. Hapa unafanya kinyume: maji ya kostiki na mafuta yakiwa nyuzi 32 hadi 38, maji yapungue hadi mara moja na nusu ya kostiki (gramu 216 kwa mfano wetu), na kalibu ziingie kwenye friji mara tu baada ya kumimina, zikae saa 12 hadi 24. Ziachanishe, zisibanane. Vishimo vidogo vya silikoni vinafaa sana kwa njia hii kwa sababu ileile inayovifanya viwe vigumu kwa jeli. Ukitoka kwenye friji ngoja siku tatu au nne kabla ya kuvuta. Friji iwe haina chakula kilicho wazi, na kama stima hupotea mtaani kwenu mara kwa mara, njia hii itakuangusha siku usiyotaka.

Rudi kwenye ile oda ya 60

Vipande 60 kwa kalibu na ndoo za nyumbani si bechi moja. Kwa vipimo vya juu ni bechi tano, na hapo ndipo tofauti hujipenyeza: ya Jumatatu ilimiminwa mchana, ya Jumanne usiku na mvua, na zikipangwa pamoja zinaonekana kama zimetoka kwa watu wawili. Tengeneza zote saa zilezile, kwa kisanduku kilekile. Andika kwa kila bechi tarehe, joto la kuchanganya, gramu za maji, saa ya kufunika na matokeo. Mistari mitano kwenye daftari, au kwenye simu. Ukirudi kwenye taarifa ya miamala yako utaona tarehe uliyomlipa muuza mafuta, na ukizilinganisha na daftari utajua mafuta ya nani yalikuwa kwenye bechi gani. Lipia vifaa kutoka kwa pesa za till, si kutoka kwa zile za nyumbani, la sivyo hutajua kama sabuni inakulipa au unailipa wewe.

Ongeza vipande kumi juu ya oda. Kwa bechi tano unapata 70, kwa hivyo hata zikitokea pete kadhaa una za kujazia.

Kwa tarehe ya kupeleka, hesabu wiki sita kutoka siku ya bechi ya mwisho, siyo siku ya dipoziti. Tunaona wauzaji wakiahidi wiki mbili kwa sababu mteja ameshatuma pesa na wanaogopa zirudi. Mwambie ukweli kabla hajatuma. Dipoziti ya nusu ni ya haki, kwa sababu pesa yako inalala kwenye sabuni zaidi ya mwezi mmoja. Mkubaliane kwa meseji: idadi, rangi, uzito, tarehe, na nini kitatokea kipande kikiwa na kasoro. Mpelekee picha ya kipande cha kwanza kilichotoka, aseme ndiyo au hapana mapema. Na kama mpango wako ni kufika madukani na kwenye supamaketi, utahitaji alama ya ubora ya KEBS, kwa hivyo ulizia mapema.

Unapomlipa muuza vifaa usiyemjua, soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN, na likitofautiana na la duka simama hapo hapo. Siku ya kupeleka sabuni, angalia salio la till yako mwenyewe kabla mzigo haujapanda bodaboda. Meseji ya malipo kwenye simu ya mteja haihesabiki.

Vile vyenye pete vilivyobaki usivitupe. Vikikomaa ni sabuni kamili. Vikate vipande vidogo uvitoe kama vionjo kwa wateja wapya, au viuze kwa bei ya chini ukisema wazi kwamba ni rangi tu haikulingana. Shilingi 80 kwa kipande kinachosafisha vizuri hupata mnunuzi siku hiyohiyo, tena mara nyingi ni jirani.